Tupeane uzoefu: maneno ya Kiingereza yanayoshirikiana herufi za mwanzo, na jinsi yalivyotusaidia au kutupotosha

Ndugu zangu, kwa miaka mingi nilikariri maneno ya Kiingereza kwa kufuata kamusi ukurasa baada ya ukurasa, na kila nilipofika herufi mpya nilikuta zile za nyuma zimekwisha nitoka kichwani. Mambo yalibadilika siku mwalimu wangu alipochukua kitambaa chenye maji, akakikamua mbele yetu kwa kukisokota, akatamka "wring". Kisha akazungusha kiungo cha mkono wake akasema "wrist", akaonyesha spana akasema "wrench", na akatueleza kwamba "wriggle" ni kujinyonganyonga kama funza, na "wrestle" ni kupigana mieleka. Nikaona kwamba zile herufi mbili, w na r, zimebeba wazo la kusokota na kupinda, na tangu siku hiyo sijasahau hata neno moja kati ya hayo. Hata "wrong", ambalo Kiingereza kililipokea kutoka lugha ya kale ya watu wa Skandinavia, lilikuwa na maana ya kilichopinda, nasi katika Kiswahili husema mambo yamekwenda kombo. Msemo "to wring one's hands", yaani kusokotasokota mikono kwa huzuni au wasiwasi, nao ukanijia bila taabu. Sharti niseme pia kwamba "write" halimo katika ukoo huo, kwa kuwa asili yake ni kukwaruza, maana zamani maandishi yalichorwa kwa kukwaruza mbao na mawe. Naomba kila mwenye kisa chake cha aina hii atusimulie, pamoja na maana za maneno yenyewe.

Mwalimu wa shule ya msingi

Nashukuru kwa mada hii. Nilikuwa na mwanafunzi aliyeandika "two" bila w kila mara, na kila nikimsahihisha aliniuliza herufi isiyotamkwa inafanya kazi gani. Swali lake lilikuwa la haki, nami sikuwa na jibu mpaka nilipoandika ubaoni "twin", pacha, "twice", mara mbili, "twelve", kumi na mbili, "twenty", ishirini, na "between", kati ya viwili. Katika maneno yote hayo w inasikika, na katika yote kuna mbili. Hata "twilight" ni mwanga wa ile saa iliyo kati ya mchana na usiku. Kilichomfurahisha zaidi ni "twelve", ambalo kwa asili lina maana ya mbili zilizosalia, yaani ukihesabu kumi ukaziweka kando, mbili zinabaki. Kuanzia hapo hakuiacha tena ile w, na mimi nikajifunza kwamba mtoto akipewa sababu hahitaji adhabu. Baadaye nilimwongezea msemo "to be in two minds", ambao ni kusitasita kati ya mawili. Akanijibu papo hapo, "Mwalimu, huyo ni yule fisi wa njia mbili."

Mfasiri

Kisa changu ni cha kupotoshwa, na nakisimulia kwa sababu kingeweza kuleta maafa. Nilipoanza kazi nilikuwa nimefundishwa kwamba in- mwanzoni mwa neno hukanusha: "visible" ni kinachoonekana, "invisible" kisichoonekana, "complete" ni kamili, "incomplete" si kamili. Nikapewa lebo ya pipa la kiyeyushi iliyoandikwa "inflammable", nami nikaandika kwa utulivu kabisa kwamba kimiminika hicho hakishiki moto. Mhariri aliyenitangulia kazini aliikamata kabla haijachapishwa. Neno hilo limetokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuwasha, na in- yake haikanushi chochote, bali inaonyesha kuingiza kitu katika moto. Kwa hiyo "inflammable" na "flammable" ni kitu kimoja, na kisichoshika moto ni "non-flammable". Wahusika wa usalama wa moto walihimiza "flammable" litumike katika karne ya 20 kwa kuwa walihofia kosa lile lile nililolifanya mimi.

Liko na jingine, "invaluable". Hapa in- inakanusha kweli, lakini kinachokanushwa ni uwezekano wa kupima thamani, wala si thamani yenyewe. Maana yake ni kitu cha thamani isiyokadirika. Ukimwandikia mtu kwamba mchango wake hauna thamani, huku yeye amesifiwa, umemvunja moyo bure.

Mwanafunzi wa isimu

Ninamuunga mkono mwanzisha mada, na ningependa kuongeza kwamba jambo hili lina jina lake. Mwaka 1930 mwanaisimu wa Uingereza, J. R. Firth, aliyaita makundi ya sauti ya namna hii fonesthimu. Mimi nililitambua nikiwa kitandani na mafua makali, nikipitia daftari langu: "sneeze" ni kupiga chafya, "sniff" ni kunusa au kuvuta kamasi, "snort" ni kupiga pua, "snore" ni kukoroma, "snout" ni pua ndefu ya mnyama. Yote yalikuwa yananihusu usiku ule, isipokuwa la mwisho. La ajabu ni kwamba "sneeze" zamani lilianza kwa f na n, kisha likahamia kwa wenzake wa pua, kana kwamba lilivutwa na ukoo. Hata hivyo "snow", theluji, na "snake", nyoka, yana herufi hizo hizo bila kuhusu pua.

Tusidhani kwamba ni Kiingereza peke yake. Tazameni fumba na fumbata, kisha kamata, ambata na pakata: ile -ta ya mwisho inaambatana na kugusana na kushikana. Nilipoliona hili katika lugha yangu ndipo nilipoacha kuyaona maneno ya Kiingereza kuwa ya kubahatisha.

Mzazi

Langu ni fupi. Mwanangu alielewa "untie", "unlock" na "undo" siku nilipomwambia kwamba un- hapo ni sawa na kauli ya kutendua katika funga na fungua, ziba na zibua.

Ila nina jambo la kuuliza, hasa kwa mwalimu. Mwanangu alitamka k ya "knife" darasani, wenzake wakamcheka, na tangu hapo hataki kusoma kwa sauti. Nimwambie nini?

Mwalimu wa shule ya msingi

Mwambie, mzazi mwenzangu, kwamba hakutamka upuuzi. Waingereza wa kale waliitamka k hiyo katika "knife", kisu, "knee", goti, na "knot", fundo, na Wajerumani wanaitamka mpaka leo wanapotaja goti, "Knie". Herufi ilibaki kwenye maandishi baada ya sauti yake kunyamaza. Kisha msome pamoja, wewe ukianza.