Mhadhiri wa tiba apandishwe cheo kwa kuhesabu marejeleo?

Mleta Mada: Wakuu, naomba tulijadili hili bila matusi. Binamu yangu anafundisha chuo kimoja cha tiba. Miaka 11 sasa anachunguza watu wanaoumwa na nyoka: wanafika hospitali baada ya saa ngapi, wamepitia kwa nani, nani anakatwa mguu. Juzi kamati imemnyima cheo. Sababu? H yake (h-index, kipimo cha marejeleo ya makala) ni 4 tu.

Kwa msioijua, kipimo hiki kilibuniwa na mwanafizikia Jorge Hirsch wa California mwaka 2005. Panga makala zako kuanzia iliyorejelewa zaidi na wengine. Ya binamu ya kwanza imerejelewa mara 40, ya pili 12, ya tatu 5, ya nne 4, zilizobaki moja moja. Makala 4 zimefikisha marejeleo 4 au zaidi, basi h ni 4. Hata ile ya kwanza ingerejelewa mara 4,000, h ingekuwa 4 ileile!

Na nyoka anaandikiwa na watafiti wangapi? Hao hao wachache ndio wa kumrejelea. Mwenzake wa saratani ana umati. Mimi nasema kifutwe.

Hadubini: Pole kwa binamu, ila ukifuta namba unabaki na nini? Unabaki na watu watano mezani wanaojuana. Mzee wangu aliuza mkaa. Mwenyekiti wa kamati yangu hakunipenda wala hakuficha, lakini orodha ya makala ilimshinda kubishana nayo. Namba ni ngao ya asiye na mjomba.

Takwimu Kavu: Hadubini, ngao hiyo ina matundu. Makala inayosifika kwa kurejelewa kuliko zote ni ya Oliver Lowry, ya 1951: marejeleo zaidi ya 300,000. Inahusu nini? Namna ya kupima protini maabara. Ni sawa na kila mpishi kutaja sufuria. Lowry mwenyewe alikiri si kazi kubwa. Halafu kuna makala ya Andrew Wakefield ya 1998, watoto 12, iliyohusisha chanjo ya surua na usonji. Ilifutwa na jarida 2010, na imerejelewa mno, wengi wakiipinga. Mashine haijui kusifiwa na kulaaniwa.

Na tusiende mbali. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji pale hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika 1958 kuhusu uvimbe wa taya za watoto wa Uganda. Wachache waliishughulikia. Mwaka 1961 akahutubia London, Anthony Epstein akiwa miongoni mwa wasikilizaji, na 1964 Epstein na wenzake wakatangaza kirusi walichokiona kwenye uvimbe ule. Kamati ya binamu ingemkuta Burkitt mwaka 1960, ingemwambia arudi akaongeze marejeleo.

Hadubini: Burkitt hakuwa anasubiri kamati, alikuwa daktari wa serikali ya kikoloni, mshahara upo palepale. Mfano mzuri, mtu siye.

Nesi Mstaafu: Wanangu, mmesahau wodi. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti wa FEAST: watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mshtuko, Uganda, Kenya na hapa kwetu Muheza. Sisi tulifundishwa mtoto akija mikono baridi, fungulia dripu haraka. Kumbe waliofunguliwa haraka walikufa zaidi ya 10 katika kila 100 ndani ya siku mbili, wasiofunguliwa 7. Mimi nilisoma yale nikakaa kimya siku nzima, nikiwakumbuka wa kwangu.

Makala hiyo imerejelewa sana, kwa hiyo Hadubini hajakosea kabisa. Lakini wauguzi waliosimama usiku kupima kila dripu, h yao ni ngapi?

Takwimu Kavu: Sifuri, mama. Na aliye jina la 15 kwenye orodha ya waandishi anahesabiwa sawa na wa kwanza.

Hadubini: Basi tusifute, tulinganishe. Mtu wa nyoka apimwe na watu wa nyoka, na wanakamati wasome walau makala zake tatu. Azimio la San Francisco la 2012, kuhusu namna ya kupima utafiti, lilisema karibu hivyo: pima kazi yenyewe, si jina la jarida.

Mleta Mada: Kusoma! Makala tatu, kurasa thelathini, posho ya kikao ni ileile. Ila hapo pa mjomba umenishika pabaya, maana hata sisi hatuna. Barua ya rufaa inaondoka Jumatatu. Nimemwambia asiiondoe orodha ya makala zake, aambatanishe na barua ya mganga mkuu wa wilaya, ambaye zahanati zake sasa zinapeleka aliyeumwa hospitali moja kwa moja badala ya kumfunga kamba mguuni.

Nesi Mstaafu: Aandike na idadi ya miguu iliyopona.