Mrejesho: kumbe ni baridi ya Mbeya

Wakuu, niliwauliza kwa nini kipimo changu cha fenilalanini (asidi amino iliyomo kwenye damu) kinasoma chini asubuhi, mchana kinasoma vizuri, na plazma (maji ya damu bila seli) ni ileile. Mlioniambia nishike kipimajoto kabla ya kulaumu kimeng'enya (protini inayoendesha mmenyuko wa kipimo), mmeniweza. Saa moja asubuhi, Julai hii, bafa, yaani kimiminika ambamo mmenyuko unafanyika, ilikuwa nyuzi 13! Kimeng'enya kinapoondoa amonia kwenye fenilalanini hugeuza NAD, molekuli saidizi yake, kuwa NADH, na hiyo NADH ndiyo inayofyonza mwanga wa nanomita 340 ninaoupima. Kwenye baridi kazi inajikokota, mimi nasoma dakika ya tano mchezo haujaisha. Sasa naanza kupasha vichupa hadi nyuzi 30. Mstari wa ufyonzaji mwanga unapanda, unatulia, ndipo nasoma. Jana asubuhi na mchana vimelingana. Kimeng'enya kipya nilishakiagiza kwa hela yangu, basi tena.