Kimono ya mashindano: nimekata fupi, na korongo wangu wako kichwa chini

BintiMshoni
Jamani nisaidieni kabla sijaichoma moto hii nguo. Nimejiandikisha mashindano ya kosplei, yale ya kuvaa kama wahusika wa hadithi, Nairobi, zimebaki wiki 5. Mhusika nimemtunga mwenyewe: bibi harusi aliyegeuka korongo. Ndani ni furisode nyeupe, kimono ya Kijapani ya wasichana yenye mikono mirefu ya kuning'inia. Juu yake uchikake nyekundu, joho la harusi lisilofungwa mkanda, pindo lake nene limejazwa pamba.

Mie nimekulia chini ya cherehani ya mabuibui, nikajiona najua. Kimono si mistatili mitupu? Hata kwapa la mviringo haina. Basi nikaipima furisode kama dera, bega mpaka kifundo, sentimita 140. Kimo changu ni 163. Sasa nikitazama picha, kila mwanamke ana mkunjo chini ya mkanda. Wangu utoke wapi?

La pili, nimepaka korongo wa dhahabu kwenye uchikake, kwa kiolezo nilichokata kwenye filamu kuukuu ya eksirei. Mgongoni wanaruka vizuri. Kifuani wote wako kichwa chini.

Na joto! Nilivaa zote mbili sebuleni dakika 10, nikalowa utadhani nimepika biriani ya arusi nzima.

Ovaloki_Kisauni
Pole dada. Kila anayetokea kwenye madera hukosea hapo. Kimono ya mwanamke hukatwa karibu sawa na kimo chake, ile ziada ndiyo inayokunjwa. Mabaki ya satini unayo? Ikate furisode kiunoni, utie ukanda wa sentimita 23, ukiongeza na ya mshono. Mkunjo utakula 11 na nusu kushuka, 11 na nusu kupanda. Mshono wa juu utafichwa na obi, yaani huo mkanda wa kiunoni, wa chini utalala ndani ya mkunjo. Jaribu kwanza kwa pini, usikurupuke.

Korongo wamepinduka kwa sababu kimono haina mshono wa bega. Kitambaa ni kimoja, kinapanda mgongoni kinashukia kifuani. Hata kitenge chenye picha kingekufanyia hivyo hivyo. Usije ukaweka mshono begani kuwaokoa, waamuzi huifunua nguo ndani. Wafunike kwa mawingu, halafu wapake upya huku nguo imetundikwa.

MamaPindo
Mwanangu, hiyo mikono umeishona kwenye mwili mpaka chini, sivyo? Fumua. Ya kimono ya kike hushikana na mwili sehemu ya juu tu. Chini ya hapo huachwa wazi, upande wa mkono na upande wa ubavu. Hewa itapita, na kwenye uwazi huo ndipo unapoingiza kiganja kuulainisha mkunjo.

Pindoni kama umetia pamba ya mto, itoe. Itashikana mabonge treni haijafika Voi. Nunua ile ya tabaka, mafundi wa makochi wanayo, inauzwa kwa mita.

Obi nayo ina zaidi ya mita 4. Utaifunga wapi, chooni? Shona vipande viwili, mkanda mbali na fundo la mgongoni mbali, lipachike kwa ndoana. Hata Japani zipo za namna hiyo.

Kapteni_Uzi
Upande wako wa kushoto uje juu ya wa kulia, tafadhali. Kinyume chake ndivyo wanavyovishwa maiti. Mwaka jana nilipanda jukwaani maiti kamili, nikatabasamu, nikapigiwa makofi. Nilikuja kujua kwenye picha.

BintiMshoni
Kapteni nimecheka mpaka mamangu kaja kuuliza kuna nini. Asanteni, Mama Pindo Mungu akuweke. Nimefumua mkono mmoja, kweli upepo unaingia. Korongo nitawaacha wawili wa begani, wale wanaonekana kama wanatua.

Mamangu kauinua mkono wa furisode, akaupima kwa macho, akauliza kama ni wa kubebea mboga. Kisha akachukua kibao na pini, amekaa anapima hizo 23 mwenyewe. Mkasi kauficha.