Kuitafuta Rhapta: ni lazima mwanafunzi ajue Kigiriki?

MwanaKibiti: Wakuu, naandika tasnifu ya uzamili kuhusu Rhapta, lile soko la mwisho la Azania, yaani pwani yetu ya Afrika Mashariki, kwenye Periplus, mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1 ulioandikwa kwa Kigiriki. Msimamizi wangu anasema bila Kigiriki niiache mada. Mimi naona mji utapatikana kwa mwiko na chekeche, si kwa kamusi. Mwanaakiolojia Profesa Chami alichimba Mkukutu, huko Rufiji, akakuta shanga za kioo alizosema ni za Kirumi. Mnasemaje?

Msomahati: Msikilize msimamizi. Periplus inasema Rhapta ni mwendo wa siku 2 kutoka kisiwa cha Menouthias, Ptolemy, mwanajiografia wa kale, anaiweka kando ya mto, ndani kidogo ya pwani. Ukikosea neno moja unachimba Rufiji kumbe ni Pangani. Na usitegemee wavuvi wa delta, wao wanajua samaki tu.

Binti Jibondo: Samaki tu? Babu yangu ameunda majahazi maisha yake yote. Hilo jina Rhapta limetokana na nini kama si mashua zilizoshonwa? Yule Mgiriki wa Periplus aliona watu wa Menouthias wakitega samaki kwa vikapu kwenye midomo ya mifereji. Wewe unahitaji kamusi hapo. Mvuvi yeyote wa Mafia atakwambia hilo ni dema.

Msomahati: Dada, nimezungumzia maandishi. Babu yako sijamgusa.

Binti Jibondo: Umemgusa. Rudia ulichoandika ukisome mwenyewe.

Kombo wa Pate: Mkizungumzia mashua za kushona, semeni mtepe, na mtepe ni wetu Lamu na Wabajuni. Kamba za nazi, tanga la mkeka. Msituhamishie Mafia.

Binti Jibondo: Nani kahamisha, kaka? Mtepe sikuutaja kabisa. Kwani Mungu aliwapa kamba za nazi watu wa Lamu peke yao?

Kombo wa Pate: Mtepe wa mwisho uliundwa wapi? Nijibu hilo kwanza.

Msomahati: Miaka 1,800 imepita kati ya Rhapta na mitepe yenu hiyo. Hamwezi kuiunganisha kwa kumbukumbu za babu.

Binti Jibondo: Na wewe huwezi kuusoma ubao ulioshonwa kama hujawahi kumwona mtu akishona.

MwanaKibiti: Dada, babu bado yupo? Anaweza kunionyesha jinsi dema linavyosukwa?

Binti Jibondo: Yupo. Njoo na daftari, Kigiriki utajifunza ukirudi.