Mashine ya kugundua uongo kazini: sawa au dhuluma?

Mdau wa Shimanzi: Jamaa, naomba maoni yenu. Ghala moja huku kwetu limepotelewa na madumu ya mafuta ya kupikia. Mwenye mali ameita watu wa poligrafu, hiyo mashine ya kugundua uongo, na kila mtu atapimwa, kuanzia makuli hadi makarani. Atakayefeli, kazi hana. Mimi naunga mkono. Mwizi yumo humo humo ndani, na asiye na lake ana hofu gani?

Karani Mstaafu: Hofu ndiyo inayopimwa hapo, ndugu yangu. Unazungushiwa mipira kifuani na tumboni ya kupima pumzi, mkononi unafungwa mpira wa presha, ule ule wa hospitali, na vidoleni unabandikwa vidude vya kupima jasho. Basi. Kisha unaulizwa, "Umewahi kuchukua kisicho chako maishani?" halafu, "Wewe ndiye uliyechukua mafuta?" Wanatarajia msafi ashtushwe zaidi na swali la kwanza, mwizi na la pili. Sasa mtu mwenye kodi ya nyumba na karo za watoto, akitajiwa mafuta yaliyopotea, moyo usimwende mbio?

Na walio wakavu wa macho wanapita. Aldrich Ames wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, aliwauzia Warusi siri miaka na miaka. Alipimwa 1986, akapimwa tena 1991, mara zote akapita. Walimkamata 1994. Jopo la wanasayansi wa Marekani lilipiga hesabu mwaka 2003: chukua wafanyakazi 10,000, majasusi wawe 10. Ukitaka mashine inase 8 kati yao, utawashuku pamoja nao karibu watu 1,600 wasio na kosa. Huko huko kwao, sheria ya 1988 inawazuia waajiri wengi wa kampuni binafsi kuwapima watu hivyo.

Kijana wa Likoni: Mzee, lakini inafanya kazi! Mahali nilipokuwa, watu walipoambiwa tu kesho kuna mashine, mmoja alikiri usiku ule ule.

Bi Mkubwa wa Majengo: Hiyo mwanangu ni halbadiri yenye waya. Mtu akiibiwa hapa mtaani, akitangaza tu kwamba Ijumaa inasomwa, ile dua ya kumlaani mwizi, asubuhi kitu kimetupwa uani. Hakuna aliyepimwa wala aliyesomewa. Anayeogopa anarudisha, asiyeogopa analala usingizi wake. Sasa mwambie mwenye ghala afukuze watu kwa sababu walionekana kuiogopa halbadiri!

Karani Mstaafu: Umenena, bibi. Tena hapa Kenya, Sheria yetu ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inataka mtu aelezwe kosa lake na asikilizwe, mwenzake akiwapo. Cha 43 kinamtaka mwajiri athibitishe sababu ya kumfuta. Mistari ya presha kwenye karatasi, kwangu mimi, haithibitishi chochote.

Mdau wa Shimanzi: Haya, mwenye mali naye akae tu aangalie?

Bi Mkubwa wa Majengo: Madumu hayatoki kwa miguu. Aanze na daftari la getini: lori lilitoka saa ngapi, na nani alitia sahihi?