Hilux 2.7 ya petroli: nikiweka throto bodi kubwa itapanda mlima Nyang'oro vizuri?

ZabibuHombolo
Wakuu, salaam. Gari ni Hilux, injini 2TR-FE, gia za mkono. Mzigo ni kreti za zabibu, kama kilo 900, Dodoma kwenda Iringa. Tambarare inakwenda. Ikishavuka bwawa la Mtera na kuanza kupanda Nyang'oro, inang'ang'ania gia ya pili, mafuta yamekanyagwa mpaka chini na mzunguko hauvuki 3,500. Plagi mpya, presha ya pampu iko sawa, taa ya cheki injini haijawaka. Kuna fundi anataka kuichonga throto bodi (mlango wa hewa ya injini) kwenye lethi, apanue tundu kwa milimita 5 na kuweka kipepeo (kile kibao kinachofungua na kufunga tundu) kikubwa. Inasaidia au napoteza hela?

SpanaNamba12
Mkuu, usichonge kitu kabla ya kupima. Tundu la milimita 60 likifanywa 65, eneo linaongezeka kama asilimia 17. Kwa kusikia ni kubwa sana, lakini injini haivuti hewa zaidi kwa sababu mlango umepanuka, inavuta zaidi kama mlango ndio uliokuwa unabana.

Tafuta geji ya vakyumu (inapima mvuto wa hewa), iunge kwenye hozi ndogo inayotoka kwenye manifoldi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda) nyuma ya kipepeo (ile nene ya busta ya breki iache). Mtu wa pili akae na geji kabini. Gia ya tatu, gari likiwa na mzigo, kanyaga mafuta mpaka mwisho na usome kuanzia 3,000 kwenda juu. Njia ya hewa ikiwa wazi geji inakaa karibu na sifuri. Ikizidi inchi 1 ya zebaki, kuna mahali panabana. Kisha toa eya klina na urudie mara moja tu, kwenye lami, pasipo na gari mbele. Vumbi letu likiingia bila kichujio linakula ringi na silinda, kwa hiyo usifanye mchezo wa kuzunguka nalo hivyo.

Jambo jingine: Dodoma mjini ni kama mita 1,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, injini isiyo na tabo (feni ya kusukumia hewa) inapoteza karibu asilimia 11 ya nguvu. Lakini Mtera iko chini, kama mita 700. Gari linalochokea palepale chini ya mlima halina haki ya kusingizia mwinuko.

GerejiYaChangombe
Naunga mkono. Niongeze upande wa kuchonga, maana wengi wanaharibu hapo.

Mdomo wa manifoldi na gasketi navyo lazima vipanuliwe vilingane, la sivyo hewa inagonga ukingo na faida inaishia hapo. Kipepeo kipya hakikatwi kama sarafu. Ukingo wake unachongwa kwa mshazari, kwa sababu kikifunga hakisimami wima kabisa. Kikikosewa, ama kinanasa, ama kinavujisha hewa na sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda. Skrubu zake mbili ziwekwe gundi ya kuzuia kulegea na ncha zipigwe zisifunguke. Skrubu moja ikidondoka, njia yake ni moja tu: kwenye silinda.

2TR-FE haina kebo ya mafuta, kipepeo kinaendeshwa na mota. Usikisukume kwa kidole swichi ikiwa ON, meno ya plastiki yanavunjika. Kama ina hozi za maji, injini ipoe kwanza, kisha ujazie na kutoa hewa. Bolti zikazwe kwa kuvukana, karibu Newton mita 10. Alumini haivumilii ubabe. Ukimaliza toa fyuzi za ETCS (mota ya kipepeo) na EFI (mfumo wa mafuta) kwa dakika moja, rudisha, washa bila kugusa pedali, AC imezimwa, mpaka injini ipate moto, ili kompyuta ijifunze upya. Ikija kodi ya kosa P2112, kipepeo kinanasa. P0171 ni hewa ya wizi, yaani inayoingia bila kupita kwenye sensa, mara nyingi kwenye gasketi.

Na tahadhari moja: tundu kubwa litakudanganya. Ukigusa pedali kidogo gari linaruka, unasema nguvu imekuja, kumbe kipepeo kinafungua hewa nyingi mapema. Pedali ikifika chini, hakuna jipya.

CanterMwitu
Na Canter yenye 4D33 je?

GerejiYaChangombe
Hiyo ni dizeli, mkuu. Nguvu yake inapangwa na pampu ya dizeli. Angalia eya klina, nozeli na taimingi ya pampu.

ZabibuHombolo
Nimepima. Pamoja na eya klina geji inasoma inchi 2.5 kwenye 3,400. Nikiitoa inasoma 0.5, na gari linavuka 4,000 bila kusita.

SpanaNamba12
Basi hesabu iko wazi. Inchi 2 zinaliwa na eya klina na boksi lake, ni kama asilimia 7 ya hewa yako yote. Hiyo 0.5 iliyobaki ni throto bodi na mabomba yote kwa pamoja, haifiki asilimia 2. Hata fundi achonge kwa ustadi gani, hawezi kukurudishia zaidi ya hapo.

Nunua eya klina ya karatasi iliyo bora, si zile ambazo ukizishika mbele ya jua hazipitishi hata mwanga. Fungua bomba la kuvutia hewa kwenye fenda, mara nyingi limejaa vumbi na majani. Hakikisha halijang'olewa, maana likining'inia karibu na rejeta linavuta hewa ya moto, na kila nyuzi joto 10 zinazopanda zinakupunguzia kama asilimia 3. Safisha sensa ya hewa kwa dawa yake maalumu, usiiguse kwa kitambaa. Ukiwa na skana, injini ikiwa ya moto kwenye sailensi, sensa isome gramu 2.5 hadi 3.5 kwa sekunde, na ukikanyaga mpaka 5,000 ipande karibu na 100. Isipofika, njoo na namba tuendelee kutafuta, pengine katalisti (kisafisha moshi kwenye ekzosi) imeziba.