Simu ya IP ya mhasibu haifikii seva iliyoko Malindi, ilhali nyingine zinafanya kazi

Katibu wa Langoni

Assalamu aleikum, waungwana. Ninasimamia ofisi ndogo hapa Lamu mjini, mtaa wa Langoni. Simu zetu za mezani ni za IP, yaani zinapitisha sauti kwenye mtandao wa kompyuta, na seva yake iko makao makuu yetu Malindi, ambako tumeunganishwa kwa VPN (njia ya faragha juu ya intaneti) kupitia ruta kuu ya ofisi. Umeme ulikatika juzi usiku, na tangu uliporudi simu ya mhasibu haijajisajili kwenye seva: ukiinua mkono wa simu husikii mlio wowote, na alama ya laini kwenye skrini imepigwa mkato. Simu ya mapokezi na ya meneja hazina tatizo. Nimebadilisha kebo, nimeizima na kuiwasha tena, na hali ni ile ile. Linalonitatiza zaidi ni kwamba kompyuta ya mhasibu, iliyochomekwa nyuma ya simu hiyo hiyo, inafungua tovuti bila shida. Ikiwa intaneti inapita ndani ya simu hadi kwenye kompyuta, ni kipi kinachoizuia simu yenyewe? Wateja wanaouliza habari za malipo humpigia yeye, kwa hiyo ningependa jambo hili liishe kabla ya Ijumaa.

Nahodha

Waaleikum salaam. Kwa hewa yetu ya chumvi mimi ningeanza na kutu. Mulika tochi ndani ya tundu la kebo la simu. Ukiona vile vijino vya ndani vimeota ukijani, umempata mwizi. Ikiwa ni safi, irudishe simu katika hali ya kiwandani ianze upya.

Fundi Barani

Ndugu Katibu, nakuomba usiirudishe simu katika hali ya kiwandani kwa sasa. Ukifanya hivyo utafuta namba ya ndani, nenosiri na anwani ya seva, na ikiwa hukuviandika mahali utakuwa umeongeza tatizo la pili juu ya la kwanza. Kutu ni jambo la kweli huku kwetu, lakini simu na kompyuta hiyo zinatumia kebo moja hadi kwenye swichi, kile kisanduku kinachounganisha kebo za mtandao, na kebo au tundu bovu lisingeipa kompyuta intaneti safi huku likiinyima simu.

Fungua menyu ya simu, sehemu ya hali ya mtandao, kisha utuandikie anwani yake ya IP na anwani ya ruta inayoitumia. Fanya vivyo hivyo kwenye simu ya mapokezi. Tueleze pia kila simu inapata umeme kutoka wapi, na kama kompyuta ya mhasibu inafungua mafaili yenu yaliyoko Malindi, kwa sababu kufungua tovuti hakuthibitishi kwamba njia ya kwenda Malindi iko wazi.

Katibu wa Langoni

Ahsante, Fundi. Simu ya mapokezi ina 10.20.30.14 na ruta yake ni 10.20.30.1. Ya mhasibu ina 192.168.0.103 na ruta yake ni 192.168.0.1, anwani ambayo siitambui kabisa. Simu ya mapokezi na ya meneja zinapata umeme kwenye kebo kutoka kwa swichi, ambayo iko kwenye UPS (betri ya akiba); ya mhasibu ina adapta yake ukutani. Mafaili ya Malindi kweli hayafunguki kwake, nasi tulidhani hilo ni tatizo jingine.

Fundi Barani

Basi ni tatizo moja. Kuna kifaa cha pili kwenye mtandao wenu kinachogawa anwani kwa DHCP, yaani utaratibu wa kuvipa vifaa anwani vyenyewe bila mtu kuziandika. Simu inapowaka hutangaza kwamba inahitaji anwani, na kwa kawaida huipokea ile inayoifikia kwanza. Baadhi ya ruta za ofisi huchunguza kwanza kama anwani haina mwenyewe kabla ya kuitoa, na katika muda huo mdogo kile kifaa kingine hutangulia. Umeme ulipokatika, simu ya mhasibu peke yake ndiyo iliyozimika. Zile mbili zilibaki na anwani zao za zamani, na simu inapotaka kuongezewa muda wa anwani humwendea kwanza yule aliyeitoa. Kwa hiyo usiziwashe upya, zisije zikanaswa vilevile.

Nadhani kifaa hicho ni ruta ndogo yenye laini ya simu ndani yake. Hapo ndipo kompyuta inapopatia intaneti. Ombi la simu la kujisajili, linalotumwa kwenye mlango wa 5060 wa seva (namba ya huduma ya simu, si tundu la kebo), linapita huko huko. Lakini anwani zinazoanza na 10, kama za ofisi yenu na nadhani ya seva ya Malindi pia, ni za mitandao ya ndani tu na hazina njia kwenye intaneti, hivyo ombi linapotea bila jibu. Fuata kebo moja moja kutoka kwenye swichi hadi ukione.

Mwana wa Shela

Ili kuhakikisha kabla ya kuchomoa chochote, andika 192.168.0.1 kwenye kivinjari cha kompyuta ya mhasibu. Ukurasa utakaofunguka huenda ukakuonyesha aina ya kifaa, nawe utajua unatafuta nini.

Katibu wa Langoni

Tumekipata. Ni ruta ndogo yenye laini ya simu, iliyowekwa katika chumba cha wageni ili wapate Wi-Fi, na baadaye ikaunganishwa kwa kebo na swichi yetu ili waweze kutumia printa. Nimeichomoa kebo hiyo, nikaiwasha upya simu ya mhasibu pamoja na kompyuta yake; simu imepata 10.20.30.18 na imejisajili papo hapo. Malindi wamempigia, na wanasikilizana vizuri pande zote mbili. Je, nikiizima DHCP ya ruta ile naweza kuirudisha kwenye swichi?

Fundi Barani

Kwa upande wa simu, ndiyo, mradi anwani ya ruta ile isigongane na ya kifaa kingine. Hata hivyo, mimi nisingeirudisha: mgeni yeyote mwenye nenosiri la Wi-Fi angekuwa ndani ya mtandao mmoja na kompyuta ya mhasibu. Waacheni watumie laini yao, na anayetaka kuchapisha awatumie mapokezi faili. Kisha tazama mipangilio ya swichi. Nyingi zinazotoa umeme kwa simu zinaweza kuamriwa zikubali majibu ya DHCP kutoka tundu la ruta kuu peke yake.